Kamina: Polisi na wanawake wa usiku, historia ndefu katika vita juu ya SIDA

Kamina ni mji wa reli na wa askari. Reli ya BCK inayopita hapa ilifika Port-Francqui, leo Ilebo, mwaka wa 1928. Mwaka wa 1956 njia ya Kabalo ikaunganishwa. Kisha vita ya pili ya dunia, Wabelgiji walijenga baze kubwa ya jeshi. Pale ambapo wanaume wengi wanalala mbali na bibi zao, biashara ya mwili haikosi. Na pale ilipo biashara hiyo, polisi naye hakosi.

Habari ya polisi na wanawake hao haikuanza na SIDA. Wakati wa ukoloni, katika mitaa ya Waafrika ndani ya miji, mwanamke aliyeishi bila bwana alitozwa kodi ya pekee. Mjane, muuza samaki na ndumba waliwekwa katika kapu moja. Kule Usumbura, leo Bujumbura, wanawake Waislamu wa mtaa wa Buyenzi walikataa kodi hiyo katika miaka ya 1950, kwa sababu iliwaita malaya mbele ya watu. Ukoloni uliisha, lakini mazoea yalibaki: mwanamke wa usiku akiona polisi, anafikiri pesa ao kasho.

SIDA ilikuta hali hiyo. Mwaka wa 1984 Projet SIDA ilianzishwa Kinshasa, Wazaire wakifanya kazi pamoja na watafiti wa Marekani na Ubelgiji. Mwaka wa 1988 kliniki ilifunguliwa Matonge kwa ajili ya wanawake wanaouza mwili. Walipewa kondomu, walipimwa magonjwa ya zinaa kila mwezi na kutibiwa, walizungumza na wauguzi bila kutukanwa. Mwanzoni, katika wanawake 100 wasio na virusi, karibu 12 waliambukizwa kwa mwaka. Kisha miaka mitatu, hesabu ilishuka mpaka karibu 4. Uporaji wa Septemba 1991 ulivunja kazi hiyo, lakini ushahidi ulibaki: mwanamke akiheshimiwa, anajikinga.

Lakini kliniki inafanya kazi mchana, na hatari inakuja usiku. Mwaka wa 2012, uchunguzi uliofanywa katika inchi sita, Kenya na Zimbabwe zikiwemo, ulionyesha kwamba polisi walikuwa wakinyang'anya wanawake kondomu, ao kuzitumia kama alama ya kosa. Mwanamke anayeogopa kubeba kondomu ataacha kuibeba. Anayekimbia polisi atakubali haraka mteja yeyote, pahali pa giza, bila kusikilizana naye vizuri. Na anayebakwa hataenda kushitaki. Hapo saa zinapita, na dawa ya kuzuia virusi inapaswa kuanza ndani ya saa 72.

Kule Kisumu, Kenya, shirika la KASH liliona kwamba kupigana na polisi peke yake hakutoshi. Likawaita kwenye meza moja na wanawake wenyewe. Polisi walifundishwa habari za SIDA, kwanza kwa faida yao, kwa sababu askari naye anaambukizwa na kupeleka virusi nyumbani. Kisha wakafundishwa sheria na haki za watu. Wengine wakawa waelimishaji wa polisi wenzao. Kazi hiyo haiishi siku moja: askari akihamishwa, mwingine anakuja, mafundisho yanaanza tena. Na pasipo mkubwa wa polisi kuunga mkono, askari mdogo ataogopa kubadilika.

Congo haina sababu ya kusema sheria inazuia. Kanuni ya adhabu inamfuata anayefaidika na mwili wa mwingine. Mtu mzima kuuza mwili wake si kosa kwa peke yake, hata kama vifungu juu ya maadili vinaachia polisi nafasi ya kumkamata. Sheria ya 14 Julai 2008 inakataza ubaguzi kwa watu wenye virusi. Ile ya 11 Agosti 2011 juu ya Polisi ya Taifa inampa polisi kazi ya kulinda watu na mali yao. Haisemi watu wa aina gani.

Kwa Kamina, mambo ya kufanya si ya feza nyingi. Kondomu isichukuliwe tena kama alama ya kosa. Aliyebakwa apelekwe hospitali kwanza, maandishi ya kituo yafuate. Wakubwa wa polisi, waganga na wanawake wenyewe wakutane kwa ukawaida, na majina ya wanaolalamika yafichwe. Mteja anayetoka kwa ndumba ni bwana wa mtu. Virusi vinavyoachwa usiku karibu na gare, asubuhi viko nyumbani.