Kufuli Lililobaki Kasulu na Kibondo

Msanifu majengo anayechora kwa programu kama Revit au ArchiCAD hachori mistari mitupu. Anajenga nyumba nzima ndani ya kompyuta: mlango unaufuata ukuta wake, na paa hupanda kuta zikipandishwa. Wazo la kuvifunga vitu kwa masharti ndani ya mchoro lilionekana mwaka 1963, Ivan Sutherland alipoonyesha programu yake ya Sketchpad huko MIT, na limewaokolea wachoraji kazi kubwa. Limewaletea pia adha wanayoijua wote, ya vitu kuungana bila mtu kukusudia. Unausogeza ukuta wa jikoni, na ukuta wa chumba cha mbali unaondoka nao. Revit ina jambo moja linalofaa kutazamwa kwa makini. Mchoraji akikifunga kipimo kwa alama ya kufuli, kisha akakifuta, programu humwonya kwamba sharti litabaki asipolifungua. Asipojali, namba inatoweka machoni na kufuli linabaki, hadi mtu mwingine asiyejua habari hiyo anapogusa ukuta. Hoja yangu ni kwamba nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, zimepangwa upya mara tatu katika muda usiofika miaka mia moja, na kwamba kilichowaumiza watu kwa muda mrefu zaidi ni makufuli ya namna hiyo: masharti yaliyodumu baada ya sababu zake kufutwa.

Mpangilio uliotangulia ulikuwa wa kaya zilizotawanyika. Katika himaya za Heru, upande wa Kasulu, na Muhambwe, upande wa Kibondo, kaya ya Waha ilikaa mgongoni mwa kilima, migomba ikiizunguka na mashamba yakiwa karibu, umbali wa kutosha kati yake na jirani. Samadi na majivu vilitoka nyumbani vikaingia migombani bila kubebwa mbali. Atakayesema kwamba watu wale nao walifungwa atakuwa amesema kweli. Ubugabire, ule utaratibu wa mtu kupokea ng'ombe na kuingia chini ya aliyempa, ulikuwa kifungo kizito, na sina nia ya kuupamba. Lakini ulikuwa na jina, na pande mbili zilizoufahamu. Aliyefungwa alijua amefungwa na nani na kwa kitu gani. Hiyo ndiyo tofauti ninayoishika katika hoja yote inayofuata.

Mwaka 1933 serikali ya Waingereza ilianza kuwahamisha watu wa Buha, yaani nchi ya Waha, kutoka maeneo yenye mbung'o na kuwakusanya katika makazi maalumu dhidi ya malale. Hesabu yake ilieleweka. Mbung'o wa nyika hutaka kivuli cha miombo. Watu wengi wakikaa pamoja na kufyeka, kivuli kinakwisha, na mganga anaweza kuwafikia na kuwapima. Malale huua, na waliopona kwa mpango huo walipona kweli. Hata hivyo mchoro uleule ulifunga mambo mengine mawili. Kwanza, makazi yaliyomrahisishia mganga kazi yalimrahisishia pia mkusanya kodi, na kodi ndiyo iliyowasukuma vijana wa Buha kwenda umanamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Pili, ardhi iliyoachwa haikubaki kama ilivyoachwa. Shamba lisilolimwa huota vichaka, vichaka huleta wanyama, na wanyama huleta mbung'o. Mtafiti John Ford alilieleza jambo hili kwa kirefu mwaka 1971, na Helge Kjekshus akalirudia mwaka 1977 katika historia yake ya mazingira ya Afrika Mashariki: mkono wa mkulima ndio uliokuwa ukimzuia mbung'o. Kumwondoa mtu ili asiumwe kulimkabidhi mdudu nyika yote iliyobaki. Upande wa mashariki, kuelekea mabwawa ya Malagarasi, leo kuna Pori la Akiba la Moyowosi, na mwaka 2000 bonde hilo likawa eneo la kwanza la Tanzania kuingia katika orodha ya Ramsar. Sababu ya kwanza ya kuwazuia watu kuingia nyikani, yaani ugonjwa, imesahaulika na wengi. Katazo limebaki, likiwa limevaa sababu mpya.

Mara ya pili ndiyo iliyoacha alama kubwa kuliko zote. Novemba 1973 Rais Nyerere alitangaza kwamba kufikia mwisho wa 1976 kila Mtanzania wa shamba awe anaishi kijijini. Buha haikuingoja amri hiyo, kwani Operesheni Kigoma ilikwisha kuanza mwaka 1972. Nia yake ilikuwa njema na ilitajwa wazi: shule, zahanati na bomba la maji haviwezi kumfuata kila mwenye kaya kilimani kwake, kwa hiyo watu wakae pamoja. Jinsi ya kukaa pamoja ndiyo iliyoamuliwa kwa haraka. Ofisa mwenye gari moja na majuma machache hupima mahali gari linapofika, na nyumba zikapangwa kwa safu kandokando ya barabara. Hapo barabara, ambayo katika mpango haikuwa zaidi ya njia ya kuwafikishia watu huduma, ikageuka mhimili ambao nyumba zote zilifungwa kwake. Kaya ikaachana na migomba yake. Samadi ikawa huku, shamba kule. Mashamba ya karibu na kijiji yakalimwa mfululizo bila kupumzishwa, ilhali ya mbali yakaachiwa nguruwe na nyani. Hakuna waraka uliosema rutuba ya udongo ifungwe kwenye umbali kati ya nyumba na barabara. Ilifungwa hivyohivyo.

Mwaka 1975 ikaja Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa, na muda mfupi baadaye siasa yenyewe ikaanza kufifia. Namba ikafutwa, kufuli likabaki. Tazama jinsi sheria mbili za baadaye zilivyoligusa bila kuliona. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, inathibitisha kuwa halali mgawo wa ardhi uliofanywa kati ya Januari 1, 1970 na Desemba 31, 1977. Bila kifungu hicho mahakama zingefurika madai, nami nakiona kilihitajika. Lakini matokeo yake ni kwamba mahali ofisa alipochomeka mti kwa haraka pakawa msingi wa haki ya mjukuu, na kilima cha babu, chenye migomba na makaburi, kikapoteza nguvu mbele ya sheria. Kisha ikaja Sheria ya Barabara, namba 13 ya 2007, iliyopanua hifadhi ya barabara kuu kutoka meta 22.5 hadi 30 kila upande, kupimwa toka katikati ya barabara. Kwa mhandisi, hiyo ni namba moja iliyobadilishwa. Kwa kijiji kilichopangwa kwa safu, namba hiyo inagusa nyumba zote kwa mpigo, kwa sababu zote zilipimwa toka mstari uleule. Sheria inatoa fidia kwa waliokuwamo katika meta 7.5 zilizoongezwa, lakini aliye ndani ya 22.5 huhesabiwa mvamizi. Barabara ya Nyakanazi, Kibondo, Kasulu hadi Kigoma imekuwa ikitiwa lami kwa vipande katika miaka ya karibuni, na lami hiyo ni neema iliyochelewa mno. Swali la nani alimfuata mwenzake, mtu au barabara, haliwezi kujibiwa kwa futi ya kupimia peke yake. Lazima mtu afungue jalada la 1972.

Mara ya tatu ni kambi za wakimbizi. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilianzishwa mwaka 1996 kwa Wakongo; Warundi walipomiminika kuanzia 2015, kambi iliyokusudiwa watu wapatao 50,000 ikabeba zaidi ya 150,000, na Nduta ya Kibondo ikafunguliwa tena. Viwango vya shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa viliandikwa kwa uangalifu: meta za mraba 45 kwa kila mtu, mkinga moto wa meta 30 kila baada ya meta 300 za majengo, choo kisiwe mbali na nyumba wala karibu na maji. Kila kipimo, kikichukuliwa peke yake, kinaokoa maisha. Vikiwekwa pamoja juu ya mteremko wenye mvua za miezi saba hivi, vinaanza kuvutana. Mkinga moto ulionyooka kushuka bondeni unakuwa mfereji, na mfereji unakuwa korongo. Tofali za udongo zinazomwondoa mtu hemani zinachimbwa palepale, na shimo linalobaki linatunza maji na mbu. Na kanuni ya kutotoka zaidi ya kilomita 4 nje ya kambi, iliyotungwa kwa ajili ya usalama, ilifunga kuni za kila jiko la kambi kwenye pete moja ya msitu, ambayo wenyeji wa vijiji jirani nao waliitegemea.

Wako watakaosema kwamba watu si kuta, na kwamba kijiji hakiendeshwi na kompyuta. Ni kweli, na ukweli huo unaipa hoja yangu uzito zaidi. Ukuta ukiburutwa, mchoraji huurudisha kwa kubonyeza kitufe; mgomba uliokufa kilimani mwaka 1974 haukurudi. Wengine watasema kila mpango una matokeo yasiyotarajiwa, kwa hiyo lawama hizi ni za kumkatisha tamaa yeyote anayethubutu kupanga. Silaumu kupanga. Watoto wengi wa Buha wamesoma kwa sababu shule zilijengwa katika vijiji vile. Ninachokataa ni desturi ya kuandika kila kitu katika mpango isipokuwa jambo moja: nini kimefungwa na nini, kwa sababu gani, na nani ana mamlaka ya kufungua sababu hiyo ikiisha.

Tangu Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007, vijiji vya wilaya za Kasulu, Kibondo, Kakonko na Buhigwe vinatakiwa kuwa na mipango yao. Ramani hizo huonyesha rangi za makazi, kilimo, malisho na msitu. Maofisa wanaoziandaa na halmashauri za vijiji zinazozipitisha waongeze ukurasa mmoja tu, wa maandishi ya kawaida, unaotaja kila mpaka umewekwa kwa kutegemea kitu gani, na usomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji kabla muhtasari haujatiwa saini.