Kuhama chuo kikuu mwaka wa kwanza: Usifungashe mizigo kabla ya barua

KILA mwaka, wiki chache baada ya vyuo vikuu kufunguliwa, maofisa udahili hukutana na sura ambazo wamekwisha kuzizoea. Ni za wanafunzi wa mwaka wa kwanza walioripoti wakiwa na godoro, ndoo na barua ya udahili, ambao sasa wamerudi dirishani na swali moja tu: nifanyeje ili nihame?

Sababu zinatofautiana. Yupo aliyepangiwa Dodoma ilhali mama yake ni mgonjwa Temeke na hakuna mwingine wa kumuuguza. Yupo aliyechagua programu ya masomo kwa kuwa rafiki zake waliichagua, na baada ya mihadhara mitatu akabaini kwamba hataimudu. Wengine wameshindwa ada ya chuo binafsi mara baada ya kulipa awamu ya kwanza. Na wapo, tuseme ukweli, ambao hawana kubwa zaidi ya upweke wa wiki za mwanzo, ugonjwa ambao mara nyingi hupona wenyewe kabla ya Krismasi.

Kuhama kunaruhusiwa. Taratibu za Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) zinatambua uhamisho wa aina mbili: wa ndani, yaani kutoka programu moja kwenda nyingine katika chuo kilekile, na wa kutoka chuo kimoja kwenda kingine. Kinachowaponza wengi ni mpangilio wa hatua. Huondoka kwanza, wakaomba baadaye. Hufunga mizigo, huacha kuhudhuria mihadhara, wakaenda kupanga chumba karibu na chuo kipya kwa kuwa mtu fulani pale amewaambia kwamba nafasi ipo. Mwezi mmoja baadaye hujikuta hawamo katika orodha ya chuo cha pili, na katika kile cha kwanza wanahesabiwa kuwa watoro.

Kizazi cha baba zetu hakikuwa na tatizo hili kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuhamia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, na kikawa chuo kikuu kamili cha taifa mwaka 1970. Katika miaka hiyo ya ushirikiano, programu ndiyo iliyoamua mji: sheria ilisomwa Dar es Salaam, udaktari Makerere, uhandisi Nairobi. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilifuata Morogoro mwaka 1984, Chuo Kikuu Huria kikaanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na Chuo Kikuu cha Dodoma kikazaliwa mwaka 2007. Vyuo binafsi na vya mashirika ya dini vilipoongezeka, programu moja ikawa inafundishwa katika miji kadhaa, na hapo ndipo kuhama kulipopata maana.

Ili kuelewa utaratibu wenyewe, hapana budi kuanzia kwenye udahili. Kuanzia mwaka wa masomo 2010/2011 hadi 2016/2017, maombi yalipitia mfumo wa pamoja uliosimamiwa na TCU, nao ndio uliowagawa waombaji vyuoni. Tangu 2017/2018 mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja katika chuo anachokitaka, na akichaguliwa na zaidi ya kimoja hulazimika kuthibitisha kimoja tu kwa namba ya siri. Majina hupelekwa TCU kwa uhakiki. Kitambulisho kinachomfuata mwanafunzi katika safari yote hiyo ni namba yake ya mtihani wa kidato cha nne. Namba hiyohiyo ndiyo inayotumiwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB). Kwa sababu hiyo mtu hawezi kuwa mwanafunzi halali wa vyuo viwili kwa wakati mmoja, hata kama amelipa ada kotekote. Chuo cha pili hakiwezi kumsajili ipasavyo mpaka cha kwanza kimemwachia.

Kuachiwa huko ndiko kunakoitwa uhamisho. Baada ya awamu za udahili kumalizika, TCU hutangaza kipindi cha kuhama kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Tarehe hubadilika mwaka hadi mwaka na muda wake si mrefu, hivyo anayetegemea alichosimuliwa na kaka yake aliyehama miaka mitatu iliyopita anajitafutia balaa. Tangazo husomwa katika tovuti ya Tume au mbao za matangazo za chuo, na maombi hupitia vyuo vyenyewe. Mwanafunzi huwasilisha ombi, chuo anachotoka kinaridhia, chuo anachokwenda kinathibitisha kwamba kina nafasi na kwamba mwombaji ana sifa, kisha taarifa hufikishwa TCU kwa uhakiki. Mnyororo huo ukikatika popote, mwanafunzi anabaki alipokuwa.

Suala la sifa linahitaji maelezo, maana hapa ndipo matumaini mengi huvunjika. Kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia mwaka 2016 ni kufaulu masomo mawili ya tahasusi kwa jumla isiyopungua pointi 4.0, kwa hesabu ya A kuwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Lakini hicho ni kiwango cha jumla. Kila programu ina masharti yake katika kitabu cha mwongozo wa udahili: somo lipi ni la lazima, alama gani, na wakati mwingine hata alama ya Hisabati au Kiingereza ya kidato cha nne. Anayehama hupimwa kwa masharti ya programu anayokwenda, si ya ile aliyomo. Mwanafunzi wa HKL hawezi kuingia udaktari kwa mlango wa uhamisho, kama ambavyo asingeingia kwa mlango wa kawaida.

Hata mwenye sifa hana uhakika. Programu zinazogombewa, hasa za afya na uhandisi katika vyuo vya umma, huwa zimejaa katika awamu za mwanzo, na idadi ya wanaoruhusiwa kudahiliwa katika kila programu ina kikomo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa chuo unachokitamani liwe ni kama programu hiyo bado ina nafasi. Swali hilo huulizwa ofisi ya udahili. Jibu la mtu aliyesimama nje ya geti akidai kwamba "anafahamiana na wakubwa" na kutaka fedha ya kusukuma faili halina thamani yoyote, kwa kuwa jina lisilohakikiwa na TCU halitaonekana popote siku ya kuhitimu.

Tukija kwenye fedha, mambo huwa magumu zaidi. Mkopo wa HESLB umegawanyika katika mafungu. Ada hulipwa chuoni moja kwa moja, na fedha ya kujikimu, ambayo wanafunzi huiita bumu, humfikia mwanafunzi baada ya kusaini katika chuo alichosajiliwa. Akihama, fedha hazimfuati zenyewe. Hana budi kupeleka taarifa ya uhamisho katika dawati la mikopo la chuo anachotoka na la chuo anachokwenda ili Bodi ibadilishe kumbukumbu zake. Kati ya siku ya kuondoka na siku jina lake litakapotokea katika orodha mpya, huenda zikapita wiki nyingi za kujitegemea. Mzazi anayesema "mwanangu ana mkopo, atahamia tu" aulize kwanza nani atalipa chumba na chakula katika wiki hizo.

Aidha, fedha ambazo mwanafunzi amekwisha kuzisaini katika chuo cha kwanza haziondoki katika deni lake kwa kuwa amehama. Zinabaki kwa jina lake, na siku atakapoajiriwa zitakatwa pamoja na nyingine kwa kiwango cha asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwa wanaojilipia, ada iliyokwisha kulipwa hurudishwa au hairudishwi kulingana na kanuni za chuo, na vyuo vingi havirudishi baada ya masomo kuanza. Kanuni hiyo huwa imeandikwa katika maelekezo ya kujiunga, yale makaratasi ambayo wengi huyasoma mpaka kwenye namba ya akaunti ya benki na kuishia hapo. Wanafunzi kutoka Zanzibar wanaogharimiwa na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar wanapaswa kuitaarifu bodi hiyo.

Lipo pia suala la masomo yenyewe. Shahada ya miaka mitatu nchini ina krediti zisizopungua 360, sawa na 120 kwa mwaka, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ukijumlisha mihadhara, mazoezi na kujisomea. Mfumo huo umekusudiwa kurahisisha kuhamisha masomo kutoka chuo kimoja kwenda kingine. Hata hivyo, katika muhula wa kwanza mwanafunzi hana krediti ya kuhamisha, kwa sababu hajafanya mtihani wa mwisho. Ana alama za majaribio, kama zipo, na hizo ni za masomo ya chuo anachokiacha.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi anahama katika wiki ya sita ya muhula wenye wiki 15 hivi za mafundisho. Chuo kipya kimekwisha kutoa jaribio la kwanza, na makundi ya kazi za pamoja yamekwisha kuundwa. Katika vyuo vingi mazoezi na majaribio hubeba asilimia 40 ya alama na mtihani wa mwisho 60. Mgeni huyu anaanza akiwa nyuma katika zile 40, isipokuwa mwalimu akubali kumpa jaribio lake, jambo analopaswa kuliomba kwa maandishi katika wiki ya kwanza na si siku ya matokeo. Ni heri kuhama katika wiki ya pili kuliko ya sita. Baada ya hapo, kwa maoni ya mwandishi, anayeweza kuvumilia amalize mwaka, afanye mitihani, kisha aulize kuhusu kuhamisha krediti akiwa na matokeo mkononi. Chuo kinachopokea kitalinganisha maudhui ya kila somo na lake, na kinaweza kukataa baadhi. Anayefikiria njia hiyo atunze muhtasari wa kila somo alilosoma pamoja na matokeo yake yenye mhuri.

Kabla ya yote hayo, inafaa kujiuliza kama tatizo ni chuo au ni programu. Kama ni programu, uhamisho wa ndani ni mwepesi zaidi. Mwanafunzi anabaki na kitambulisho chake, chumba chake na dawati lake la mikopo, ingawa Bodi inapaswa kujulishwa, kwa kuwa ada ya programu mpya yaweza kuwa tofauti. Na kama tatizo ni ugonjwa, msiba au mimba, kanuni za vyuo zina utaratibu wa kuahirisha masomo, ambao humhifadhia mwanafunzi nafasi yake. Wengi wanaohama kwa sababu ya matatizo ya nyumbani walichohitaji ni kuahirisha.

Upo uhamisho mwingine ambao mwanafunzi hauombi. Februari 2016, TCU ilifuta vibali vya vyuo vikuu vishiriki vya St. Joseph vilivyokuwa Songea, na wanafunzi wake wakahamishiwa vyuo vingine. Katika hali kama hiyo Tume husimamia uhamisho, na mwanafunzi hana sababu ya kuhangaika peke yake kutafuta chuo. Wajibu wake ni kuhakikisha kwamba jina lake, namba yake ya kidato cha nne na mwaka wake wa masomo vimeandikwa sawasawa katika orodha inayopelekwa.

Kwa majirani zetu Kenya, ambako baadhi ya Watanzania wana ndugu wanaosoma, mambo yamekaa tofauti kidogo. Huko chombo cha serikali, KUCCPS, kilichoanzishwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, ndicho kinachowapangia wanafunzi vyuo, na uhamisho baina ya vyuo huombwa kupitia mtandao wake. Mwombaji hutakiwa kufikia pointi za programu anayoitaka kwa mwaka aliopangiwa. Huko nako, ruhusa hutangulia safari.

Anayekosa kipindi cha kuhama hubakiwa na njia ya kuanza upya, yaani kuomba udahili mwaka unaofuata kama mwombaji mpya. Njia hii ina gharama iliyofichika. Akiacha chuo bila taarifa, jina lake linabaki katika kumbukumbu kama mwanafunzi aliyekwisha kudahiliwa, na maombi yake mapya yanaweza kukwama mpaka chuo cha zamani kimwondoe. Mwenye mkopo ana mzigo wa ziada, kwani miongozo ya HESLB imekuwa ikimtaka aliyeacha masomo arejeshe kwanza sehemu ya fedha alizopokea kabla ya kufikiriwa tena. Barua ya kuacha masomo, iliyopokelewa na kugongwa mhuri, huandikwa kwa nusu saa. Kuitafuta mwaka mmoja baadaye, ofisi ikiwa Iringa na mwombaji akiwa Mbagala, kunaweza kula msimu mzima wa udahili.

Anayekwenda ofisi ya udahili wiki hii abebe vyeti vya kidato cha nne na cha sita au stashahada, cheti cha kuzaliwa, barua ya udahili, risiti za malipo, na barua fupi ya sababu ikiambatanishwa na ushahidi, kama vile cheti cha hospitali pale sababu inapokuwa ugonjwa. Atoe nakala mbili za kila kitu, moja igongwe mhuri wa kupokelewa na abaki nayo. Kisha arudi darasani, aendelee kuhudhuria na kufanya majaribio kama kawaida mpaka majibu yatakapotoka.