Jinzi Juu, Jinzi Chini

Siku niliyotoka nyumbani nimevaa jinzi juu, jinzi chini, baba alinitazama toka kichwani hadi miguuni. "Vipi, umepata kazi gereji?" Nilinuna. Baadaye nikagundua mzee hakukosea sana.

Jinzi ilizaliwa kazini. Huko Reno, Marekani, fundi cherehani Jacob Davis alikaza mifuko ya suruali za vibarua kwa ribiti za shaba, zile tunazoziona mpaka leo. Tarehe 20 Mei 1873, yeye na mfanyabiashara Levi Strauss wakapewa hataza ya ubunifu huo. Wachimba madini wakazivaa, wachunga ng'ombe nao wakazivaa. Fasheni haikuwamo.

Mwaka 1951 mwimbaji Bing Crosby alifika hotelini Vancouver, Kanada, amevaa jinzi tupu. Mapokezi wakamkatalia chumba, hadi alipotambuliwa. Kampuni ya Levi's ikamshonea koti la heshima, la jinzi vilevile. Ndugu msomaji, hebu angalia: kitambaa hakikubadilika. Kilichofungua mlango ni jina.

Mimi jina sina, kwa hiyo navaa kwa akili. Juu shati lililopauka, chini suruali ya bluu iliyokolea. Rangi zikifanana mno, hiyo ni ovaroli. Ndani fulana nyeupe, kiunoni mkanda wa kahawia, miguuni raba safi. Nyingi nimezichambua mitumbani.

Na nikipita gereji siku hizi, siwapiti mafundi bila salamu. Nguo hii, watu wa kazi walitutangulia kuivaa.