Gobore na Mkataba wa Brussels

Wenzangu chuoni wakiona picha ya gobore hucheka. Mtutu mrefu, kitako kimefungwa waya, mdeki umechongwa kwa mti wa shambani: wanaona umaskini. Mimi naona mwaka 1890.

Mwaka huo mataifa makubwa yalikubaliana mjini Brussels kukomesha biashara ya watumwa. Nia njema, bila shaka. Lakini humo humo waliweka vifungu vya silaha: kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, bunduki za kisasa zisiingie ila kwa masharti makali. Kilichoachiwa mlango ni gumegume, yenye mtutu laini ndani, na baruti ya kawaida. Mwaka 1902, katika Ubelgiji hiyo hiyo, kiwanda cha FN pale Herstal kilianza kuunda bunduki ya marisau ya John Browning, inayojipakia yenyewe. Leo Wamarekani huzinunua zikiwa na kutu, hubadilisha springi, hupaka kitako mafuta, kisha huziita urithi.

Kwetu ukarabati haukuwa burudani. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walilivunja jeshi la Emil von Zelewski pale Lugalo, zaidi kwa mikuki, wakatwaa bunduki zipatazo 300 na mizinga mitatu. Ila bunduki zile zilikula risasi za kiwandani, zikiisha, zimeisha. Wajerumani walirudi, na Kalenga ikaanguka tarehe 30 Oktoba 1894.

Gobore halina kiburi hicho. Hulishwa baruti na vipande vya chuma kupitia mdomoni, na mhunzi wa kijijini anaweza kulifufua. Nadhani ndiyo sababu lilidumu kuliko bunduki nyingi zilizolizidi nguvu.

La babu yangu mzaa mama, huku Nyololo, kati ya Mafinga na Makambako, lilifukuza nguruwe pori kwenye mahindi. Mtutu tu ndio ulikuwa wa zamani. Vingine vyote vilibadilishwa kipande kwa kipande. Serikali ilipotangaza msamaha kwa watakaosalimisha silaha, wajomba waliketi kikao.

“Hilo ndilo jina la baba,” alisema mjomba mkubwa.

“Jina la baba yenu halilipuki,” bibi akajibu.

Likaenda kituoni. Siipingi sheria, magobore yameua tembo, yameua na watu. Lakini nilipouliza kama lingeweza kuondolewa mtambo wake na kupelekwa makumbusho ya Kalenga, kwenye fuvu la Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954, hakuna aliyekuwa na fomu ya ombi la namna hiyo. Fuvu lilirudishwa na Gavana Twining mwenyewe. Chuma cha mkulima hakina gavana.

Nilikuwa nimeshalipiga picha sita. Katika ya tatu, ukiikuza, unaona makovu ya nyundo pale mtutu unapokutana na kitako: mafundi wawili tofauti, mmoja mwenye mkono mwepesi kuliko mwenzake.