Mgonjwa wa upasuaji wa moyo na tiba ya manukato: mlezi ajue nini?

Mama, kama mtoto au ndugu yako anatoka Nachingwea au Ruangwa kwenda kufanyiwa upasuaji wa moyo, huenda ni safari ya zaidi ya kilomita 500 hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), Dar es Salaam. Hofu ni jambo la kawaida. Watu watakushauri mengi, likiwemo la kubeba udi, ubani au mafuta ya kunusa. Soma hapa kwanza.

Je, manukato yanasaidia?

Kwa kiasi kidogo. Tafiti kadhaa, zikiwemo za Iran, zimewanusisha watu wazima mafuta ya lavenda kabla au baada ya upasuaji wa moyo. Baadhi zilionyesha wasiwasi kupungua na usingizi kuwa mzuri zaidi. Nyingine hazikuona tofauti kubwa. Tafiti nyingi zilikuwa ndogo. Manukato hayazibi tundu la moyo wala hayarekebishi valvu. Hayachukui nafasi ya dawa.

Hospitalini

- Muulize muuguzi kabla ya kuleta kitu chochote chenye harufu. Wagonjwa wengine wodini wanaweza kuwa na pumu.
- Usichome udi, ubani wala mshumaa. Palipo na oksijeni, cheche ndogo inaweza kuwasha moto mkubwa.
- Ukiruhusiwa, tone moja kwenye pamba linatosha. Liweke mbali kidogo na uso, na uliondoe mgonjwa akikohoa au akisikia kichefuchefu.
- Kwa mtoto mchanga usitumie kabisa. Kanga yako yenye harufu ya mama inamtosha.

Nyumbani baada ya upasuaji

- Usipake mafuta yoyote kwenye kidonda cha kifua.
- Mafuta ya kunusa hayanywewi. Mafuta ya mkaratusi na kafuri yakimezwa yanaweza kumletea mtoto degedege.
- Mgonjwa aliyewekewa valvu ya chuma hutumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Baadhi ya mafuta na dawa za mitishamba huongeza nguvu yake, akavuja damu. Nyingine huipunguza, damu ikaganda kwenye valvu. Mweleze daktari kila anachokunywa au kupakwa, hata kama ni majani ya nyumbani. Hatakugombeza, anahitaji kujua.
- Mwepushe na moshi wa jikoni. Msimu wa kupulizia mikorosho salfa, asikae karibu na shamba.
- Kama moyo uliharibiwa na homa ya baridi yabisi, usiache sindano zake za penisilini, hata akionekana mzima.

Wahi hospitali ukiona

- anapumua kwa shida, au midomo inakuwa ya bluu;
- ana homa, au kidonda kinatoa usaha;
- miguu au uso umevimba;
- anazimia, au anavuja damu isiyokoma.

Usisubiri tarehe ya kliniki ya Dar es Salaam. Nenda hospitali ya wilaya, Nachingwea au Ruangwa, ukiwa na karatasi zake zote na dawa anazotumia.

Na kama hakuna manukato, usijione umepungukiwa. Kumshika mkono, kumwimbia na kumweleza kwa upole kinachofuata navyo humtuliza mgonjwa, na havina madhara.