Kihisi cha mbali au joto la mbali?

Neno kihisi limeshakubalika. Limetokana na kitenzi hisi, wingi wake ni vihisi, na halimpi mtu taabu. Wapo wanaopendelea kutohoa na kuandika sensa, lakini neno hilo lina mwenyewe: ndilo la kuhesabu watu, kama Watanzania walivyohesabiwa mwaka 2022. Ugumu unaanza pale Kiingereza kinapoongeza neno remote, yaani mbali.

Chipu za aina mbili tofauti kabisa huuzwa kwa jina moja la Kiingereza, na mnunuzi hulazimika kusoma maelezo ya mtengenezaji ili ajue ameshika ipi. Kiswahili hakina shida hiyo kwa sababu ya upatanisho wa ngeli. Ukisema kihisi cha joto cha mbali, kilicho mbali ni kihisi. Ukisema kihisi cha joto la mbali, kihisi kiko hapa na joto ndilo liko kule. Silabi moja inatenganisha saketi mbili.

Tuanze na joto la mbali. Chipu kama LM86 hukaa kwenye bodi, popote panapokufaa. Kinachopelekwa kwenye joto ni transista ya bei rahisi, 2N3904 kwa mfano, besi na kolekta zikiwa zimeunganishwa ili ifanye kazi kama diodi. Pengine diodi hiyo imo ndani ya prosesa yenyewe, kama Intel ilivyofanya kwenye Pentium III. Chipu hupitisha mkondo mdogo, kisha mkubwa, tuseme maikroampea 10 halafu 100, na kila mara hupima volti. Tofauti ya volti hizo mbili huenda sambamba na joto kwa kelvini. Sehemu kubwa ya hitilafu za transista mojamoja hujifuta katika hesabu hiyo ya kutoa.

Lakini tofauti yenyewe ni ndogo mno: kwa uwiano wa mikondo wa 10 kwa 1, ni takriban maikrovolti 198 kwa kila nyuzi moja. Waya ukiwa na ukinzani wa omu 1 tu, nyongeza ya maikroampea 90 inazalisha maikrovolti 90 zisizotakiwa, na kipimo kinapanda kwa karibu nusu nyuzi. Ndiyo maana njia mbili za shaba zinazokwenda kwenye diodi huchorwa pamoja, fupi, zikiepuka koili za umeme, na kapasita ndogo huwekwa kati yake karibu na miguu ya chipu. Diodi ikiwa nje ya bodi, tumia jozi ya waya zilizosokotwa. Chipu kama TMP411 zinaweza kuufuta ukinzani huo zenyewe, na kwa waya mrefu ningenunua hizo bila kubishana na bei.

Chipu zikiwa nyingi, kazi inahamia kwenye anwani. Nyingi huzungumza kwa I2C, njia ya pamoja ya waya mbili iliyobuniwa na Philips. LM75, inayopima joto la pale ilipo, ina miguu mitatu ya kuchagulia anwani, hivyo nane hukaa kwenye njia moja bila kugongana. LM86 haina hiari hiyo. Anwani yake ni 4C, basi. Weka mbili na zote zitaitika kwa pamoja. Unaweza kuzitenganisha kwa swichi kama TCA9548A yenye matawi 8, ila kabla ya hapo tafuta chipu moja inayosoma diodi kadhaa.

Kihisi cha mbali ni habari nyingine. DS18B20, iliyotoka Dallas Semiconductor, hupelekwa yenyewe mahali pa joto, mathalani kwenye rafu za chumba baridi ambamo chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Kila kimoja hutoka kiwandani na namba yake ya biti 64, isiyofanana na ya mwenzake. Kidhibiti huitafuta namba hiyo biti kwa biti mpaka kimjue kila aliyepo kwenye waya, na hapo, nakiri, neno sensa lingefaa. Kwa kuwa kinachosafiri ni tarakimu, omu moja haiharibu kitu. Weka rezista ya kiloomu 4.7 kati ya waya wa data na umeme chanya, na waya upite kihisi hadi kihisi badala ya kutawanyika kama nyota. Kipimo cha biti 12 huchukua hadi milisekunde 750, lakini vyote vyaweza kuamriwa vipime kwa wakati mmoja. Ukisoma nyuzi 85 ndani ya friji usiogope: hiyo ndiyo thamani inayokaa humo umeme unapowaka, kabla kihisi hakijapima.

Kwa hiyo, walimu wa ufundi na wachoraji wa saketi, andikeni istilahi kwa ukamilifu wake. Mkifupisha na kuandika "kihisi joto mbali", mtakuwa mmeitupa ile silabi inayomwambia fundi anunue chipu gani.