Maji ya Majivu na Zabibu Kavu

Ndugu msomaji, zabibu kavu unazotia katika pilau zina habari ndefu kabla ya kufika jikoni mwako. Wengi hudhani ni jua tu lililozikausha. Jua ni lile lile. Kinachotenga zabibu ya dhahabu na nyeusi aghlabu ni maji iliyoogeshwa kabla ya kuanikwa.

Mwenyezi Mungu amelivika tunda hili nta nyembamba, ule weupe kama vumbi unaofutika kwa kidole. Nta hiyo huzuia maji ya ndani yasitoke. Zabibu ikianikwa bila kuchovywa huchukua majuma mawili, matatu, hata zaidi, na muda huo wote hugeuka rangi kama ndizi iliyomenywa ikaachwa. Nyingi za California hukaushwa hivyo, ndiyo maana ni nyeusi.

Watu wa kale walilijua hili. Columella, Mrumi mzaliwa wa Hispania aliyeandika juu ya kilimo katika karne ya 1, karibu miaka 500 kabla ya kuzaliwa Mtume (s.a.w.), alieleza jinsi ya kuchovya zabibu katika maji ya majivu yaliyochemshwa na kutiwa mafuta kidogo. Waturuki wa upande wa Izmir nao hutumia potasi, ambayo asili yake ni chumvi ya majivu, pamoja na mafuta ya zeituni. Wakulima wa Mildura, Australia, waliishika njia hiyo katika karne ya 20. Dawa hiyo huilegeza nta bila kuipasua ngozi. Maji hutoka upesi, na rangi haiwahi kuwa nyeusi. La ajabu ni kwamba mvua ikizikuta zimeanikwa ikaiosha dawa, ukaukaji hurudi kuwa wa polepole, na mkulima hana budi kunyunyiza tena.

Wengine walitaka haraka zaidi, wakazichovya katika maji ya moto yenye soda kali, ile ya kutengenezea sabuni. Hiyo huitia ngozi nyufa ndogo. Sukari huchuruzika, zabibu zikanata na kushika mchanga. Kisha zipo zinazofukizwa moshi wa kiberiti ili zibaki na rangi ya dhahabu. Moshi huo huacha dawa ndani ya tunda, na mwenye pumu yaweza kumdhuru. Mimi sioni kwa nini tulipie rangi.

Ndugu zetu wa Oman wana amali yao: tende za Mabsali huchumwa zikiwa manjano na bado ngumu, huchemshwa katika masufuria makubwa, kisha huanikwa. Ukakasi huondoka.

Na wewe nyumbani, osha zile utakazokula leo tu. Tunda kavu hudumu kwa sababu maji yake yamekwisha. Ukiosha mfuko mzima wa Ramadhani ukaufunga koponi ungali na unyevu, umeukaribisha ukungu na uchachu. Imepokewa katika Sahihi Muslim kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akirowekewa zabibu, akinywa maji yake hadi jioni ya siku ya tatu, yakibaki, hakuyanywa tena.